Mboga Kila Siku

Mkono wa Asukile ulikuwa umeshafika kwenye sahani. Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na najua wapo walionikasirikia wiki nzima. Haya basi, tuingie tena uani kwa Ambrosi, mwenye bucha ya Mlandege, tuone mkono ule ulifanya nini.

Kwa aliyechelewa: ni Jumapili, watu wametoka kanisani Iringa mjini, na wazee wamekaa kuamua ndoa ya Asukile, seremala Mnyakyusa anayeishi Kihesa, na Evarista, binti wa Ambrosi. Tangu waoane, hakuna mtoto. Ambrosi anasema kosa ni la mkwe wake, kwa sababu mkwe hali nyama. Mwanamume wa kula majani, anasema, hukauka kiunoni. Basi amemwekea sahani ya maini ya kukaanga mbele ya wazee wote na kumwambia: kula, au niachie binti yangu.

"Kula, bwana!" Ambrosi alinguruma, kisu cha kukatia maini kingali mkononi. "Kipande kimoja tu. Maini hayang'ati!"

Evarista, aliyekaa mkekani upande wa wanawake, alibana meno. Harufu ya yale maini ilimpanda puani ikamkoroga tumbo. Alidhani ni hasira. Usile, alimwomba mumewe kimoyomoyo. Ukila leo, kesho watakulisha kingine.

Asukile akainyanyua sahani. Wazee wakashusha pumzi. Ambrosi akaanza kutabasamu.

Kisha Asukile akasimama, akavuka ua na sahani yake, akaiweka mapajani mwa mtu mwingine.

"Hii yako, Bwana Ezekia," alisema. "Mimi nimeshiba maharage."

Lo! Wanawake waliziba midomo kwa kanga. Mzee mmoja alikohoa chai yote ikamtokea puani.

Ezekia, msomaji, ndiye yule mfanyabiashara mwenye lori, anayemletea Ambrosi ng'ombe kutoka Usangu kupitia Igawa. Mlandege nzima inamwita Ezekia Mashavu, jina alilolipata tangu ujana, na mwenyewe hujisifu kwamba mashavu yale yamejengwa na nyama. Alimrudisha mke wake wa kwanza, Lusia, kwao Mbeya akisema ni mgumba. Sasa alikuwa anamtaka Evarista, wala hakuficha, na Ambrosi alikuwa amekwisha kumwitikia.

"Unanidharau nyumbani kwangu?" Ambrosi alifoka.

"Sikudharau, baba. Umesema nile au nimwache mke. Nyama sili, na mke simwachi."

"Sababu! Toa sababu wazee wasikie!"

"Sababu unaijua. Mdogo wangu Anania alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori. Alikula nyama pale Igawa, kumbe ni kibudu, ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Nimemzika kwa mikono hii. Siku ile niliapa, baba, na mimi kiapo changu sikitafuni."

Liliposemwa neno Igawa, Evarista aliinamisha macho. Kulikuwa na jambo la Igawa lililomkaa kooni tangu mwezi wa juzi, na hakuwa amemwambia mtu, hata huyo anayelala naye. Lishike hilo, msomaji, tutalihitaji.

Kengele ya baiskeli ililia mlangoni. Danieli, dresa anayefunga vidonda hospitali ya misheni, aliingia akihema, suruali yake imejaa vumbi.

"Kamwene, wazee."

"Kamwene, kamwene. Umeleta jibu?"

Maana mnakumbuka: baraza ndilo lililowapeleka wanaume wote wawili kwa daktari Mzungu, wapimwe nani mwanamume kamili, mla nyama au mla maharage. Ezekia alikwenda akicheka. Asukile alikwenda kimya. Na wote wawili walikubali mbele ya Mzee Filemoni, mwenyekiti, kwamba jibu lisemwe hadharani.

"Daktari anasema hivi," Danieli alianza, akifuta jasho. "Katika damu ya mwanamume kuna kitu kinaitwa homoni."

"Homa?" Mzee Filemoni alitega lile sikio lake linalosikia.

"Si homa, mzee. Homoni. Ndiyo inayoleta ndevu, na sauti nzito, na... na mambo ya ndoa."

"Na inatoka kwenye nyama!" Ambrosi alidakia.

"Hapana, baba. Mwili unaitengeneza wenyewe. Daktari anasema..."

"Tuambie nani mbovu! Hatukukutuma shule!"

Kijana wa watu hakuwa na jina la kutaja. Daktari, kwa adabu ya kwao, alikataa kumtaja mtu mbele ya kadamnasi. Alisema tu maneno machache na kuongeza kwamba wenyewe wataelewa.

"Amesema, wote wawili wana sauti na ndevu za kiume, hapo hakuna shaka. Lakini ametazama kwenye darubini, na mmoja mbegu zake hazina uhai. Ni yule anayekula mboga kila siku. Mwenzake ni mzima kabisa."

Ua mzima ukalipuka.

"Mboga!" Ambrosi aliruka juu na kisu chake. "Mmesikia? Mboga! Nilisema nini mimi? Majani yamemmaliza! Evarista, kafunge mzigo wako. Leo hii unalala kwa baba yako!"

Ezekia alichukua kipande cha ini, akakitafuna taratibu, macho yakiwa kwa Evarista.

Asukile alibaki amesimama katikati ya ua. Alitazama mikono yake, kana kwamba kosa lilikuwa humo. Evarista alimwona na moyo ukamuuma vibaya.

Akasimama.

"Sifungi mzigo."

"Unasemaje?"

"Sifungi, baba. Kama hana mbegu, hana. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na mbegu."

Wanawake wakaguna, na mmoja akacheka kwa sauti. Ambrosi akawaka. Aliinyakua sahani kutoka mapajani mwa Ezekia, akamsogezea binti yake mpaka puani.

"Basi kula wewe! Kula waone! Wewe ni damu yangu, si ya hawa wanaokula majani!"

Harufu ile ilimpiga Evarista usoni. Alijaribu kugeuka, hakuwahi. Alitapika palepale, miguuni pa baba yake, mbele ya wazee wa kanisa.

Mama yake, Matilda, alimdaka mabegani. Alimfuta mdomo kwa kanga. Kisha akamtazama macho, akamtazama shingo, akamshika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu," alinong'ona, "mwezi umeuona lini?"

Evarista alianza kuhesabu kwa vidole. Katika vurugu hizi zote, na lile jambo la Igawa linalomnyima usingizi, hakuwa amejiuliza hata kidogo.

Matilda hakungoja. Mama aliyesubiri mjukuu tangu harusi angengoja nini? Alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele kilichofika sokoni.

Halafu akakikata katikati.

Kila mtu pale, msomaji, alikuwa anafikiri neno lilelile, na aliyekuwa na ujasiri wa kulisema ni Mzee Filemoni peke yake.

"Mama Evarista," alisema polepole. "Kama mbegu za huyu hazina uhai, kigelegele hicho tumpigie nani?"

Ezekia akainuka. Alijifuta mafuta mdomoni kwa leso, bila haraka.

"Nipigieni mimi," alisema. "Mtoto ni wangu."

"Mwongo mkubwa wewe!" Evarista alipiga kelele.

"Mimi mwongo? Haya, muulizeni mwezi wa juzi alipanda lori la nani kwenda Igawa. Aseme hapa hakupanda! Kwa mume wake alisema anakwenda kwa shangazi."

Macho yote yakamgeukia. Macho ya wazee, macho ya wanawake aliosuka nao mikeka, macho ya mama yake. Lakini yaliyomchoma ni ya mumewe.

"Evarista?" Asukile aliita. Jina tu, basi.

Akisema hakupanda, ni uongo, maana watu walimwona. Akisema alipanda, ndoa imekwisha, na mtoto atazaliwa na jina baya. Ambrosi alikuwa ameshaanza kumpa Ezekia mkono. Wanaume wawili walikuwa wanagawana maisha yake uani, mchana kweupe, na mmoja bado ana ini kwenye meno.

Na hapo hasira ikamsafisha kichwa. Nawaambia kweli, kuna watu hasira huwapofusha, na kuna watu hasira huwawashia taa. Evarista alikuwa wa aina ya pili.

Mboga kila siku. Nani alisema mboga kila siku?

Nyumbani kwake Kihesa, Asukile hakuwa analiita lile jungu la maharage mboga. Aliliita maharage. Mchicha aliuita mchicha. Aliposema "mboga nimeacha", kila mtu alijua ameacha nyama. Hivyo ndivyo watu wasemavyo, Iringa yote na Mbeya yote! Ukimuuliza jirani leo mboga gani, anakujibu nyama, au samaki, au maharage, chochote kinachosindikiza ugali. Na nyama ndiyo mboga ya kwanza.

"Danieli," alisema, sauti imetulia ghafla. "Daktari alipowauliza hawa wanakula nini, ulikuwepo?"

"Hapana, dada. Aliwauliza mwenyewe, mmoja mmoja, kwa Kiswahili chake."

"Sawa. Bwana Ezekia, tuambie basi. Alikuuliza nini?"

Ezekia alicheka. Mtu mwenye majivuno, ukimpa nafasi ya kujisifu, hatazami anapokanyaga.

"Aliniuliza, 'Wewe nakula mboga?' Nikamwambia, daktari, kila siku! Asubuhi mboga, mchana mboga, jioni mboga! Mimi bila mboga tonge halishuki! Akafurahi mwenyewe, akasema mboga nzuri sana kwa tumbo."

"Na mboga yako ni nini?"

"Nyama! Mwanamume ana mboga gani nyingine?"

"Na wewe mume wangu," Evarista akamgeukia Asukile, "ulimjibu nini?"

Asukile alikunja uso. "Nilimwambia mboga nimeacha tangu Anania afe. Akasikitika sana. Akaniambia nijitahidi, hata mchicha kidogo. Nikasema ndiyo daktari, nikaenda zangu."

Mwanamke mmoja mkekani akaangua kicheko. Kisha wa pili. Mzungu wa watu alijifunza Kiswahili kitabuni, na katika kitabu chake mboga ni majani basi! Alimwona Ezekia akasema huyu ndiye mla mchicha, na Asukile akamhesabu kuwa mla nyama.

"Ngoja, ngoja," Mzee Filemoni aliinua fimbo, akihesabu maneno kwa midomo. "Kwa hiyo, yule anayekula mboga kila siku..."

Hakumaliza. Baraza zima lilikuwa limeshamgeukia Ezekia.

"Upuuzi!" Ezekia alibweka. "Nyama inaua mbegu? Nani amesikia kitu hicho? Danieli, sema!"

"Haiui," Danieli alisema. "Hamkuniacha nimalize. Nimeambiwa niseme, baba akanikatisha. Daktari anasema chakula hakina kosa hapa. Nyama, maharage, mradi mtu anashiba, homoni haiulizi ametoka kula nini. Mla maharage ni mwanamume kama mla nyama. Kosa ni la matubwitubwi. Huyo mmoja yalimshika ujanani, yakaanza mashavuni, yakashuka mpaka chini."

Mashavuni.

Watu wazima wa Mlandege walikumbuka wote kwa pamoja jina lile lilikotoka. Halikutoka kwenye nyama. Lilitoka ule mwaka kijana Ezekia alipovimba uso akalazwa akilia, na wenzake wakamtungia wimbo.

Mkono wa Ambrosi ulijitoa polepole kwenye mkono wa Ezekia.

"Na Lusia?" Matilda aliuliza. "Mtoto wa watu ulimrudisha Mbeya kwa matusi, ukamwita gogo kavu. Leo huna hata haya, unakuja kudai mtoto wa mwenzio!"

"Mtoto ni wa nani, Ezekia?" Mzee Filemoni aliuliza. "Rudia lile neno lako, maana sikio langu hili bovu."

Ezekia alikaa chini. Mashavu yake yalikuwa yamepauka, na kwa mara ya kwanza Evarista aliona kwamba chini ya zile nyama na zile kelele kulikuwa na mtu anayeogopa. Hakumwonea huruma. Labda kesho.

Matilda akatupa kichwa nyuma, akakimalizia kile kigelegele alichokikata, na safari hii wanawake wote wakampokea. Mzee Filemoni alisimama kwa shida akampa Asukile mkono.

"Ndoa inasimama," alisema. "Na hizo sahani za maini, Ambrosi, usiziweke tena mbele ya mtu asiyezitaka."

"Ndaga, mzee," Asukile alimshukuru kwa lugha ya kwao.

Lakini hakufurahi. Evarista alimwona akipita katikati ya vile vigelegele, akimjia, uso wake bado mzito.

"Mtoto ni wangu," alimwambia. "Hilo nimelisikia na nimelipokea. Ila bado hujanijibu. Lori lake ulipanda?"

"Nilipanda."

"Ukaniambia unakwenda kwa shangazi."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini, Evarista?"

"Aa, yaishe!" Ambrosi alidakia, akicheka kicheko kisicho na mwenyewe. "Mambo ya Igawa ya nini tena? Tumeshapata mjukuu! Matilda, leta chai! Mkwe wangu, kaa, kaa hapa karibu yangu. Kula maharage yako mpaka ushibe!"

Ona mtu yule! Sasa hivi alikuwa anatoa amri binti afunge mzigo, na sasa anamvutia mkwe kiti. Evarista alimtazama baba yake akihangaika na kiti, kisu kikimponyoka mkononi na kuokotwa tena, na lile jambo lililomkaa kooni likapanda mpaka kwenye ulimi.

Angeweza kulimeza. Mume alikuwa naye, mtoto alikuwa naye, baraza lilikuwa lake. Angefunga kanga yake akarudi Kihesa, na wote wangeishi vizuri, na kila Jumapili Asukile angekuja hapa kumsalimia mtu huyu kwa heshima na kuketi mezani pake. Hapana! Mumewe akatae maini hadharani mbele ya watu wote, halafu yeye mkewe ashindwe kukataa uongo?

"Nilikwenda kumtafuta aliyemuuzia Anania ile nyama," alisema.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Lori lilikuwa hilo moja siku ile, nikapanda. Sikukuambia kwa sababu nilitaka nije na jina. Nilitaka moyo wako upoe."

"Na jina umelipata?" Sauti ya Asukile ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa.

"Nimelipata. Pale Igawa kuna mama anaitwa Damari, anapikia madereva. Alimwona mtu huyo kwa macho yake. Ng'ombe alikufa njiani, wenzake wakasema afukiwe, yeye akamchuna. Akawauzia watu wa malori, akaondoka kabla ya mtu wa kwanza kuumwa. Alijua, Asukile. Alijua ni kibudu."

Asukile alimgeukia Ezekia, ngumi zimekunjwa. Wazee wawili waliinuka kumzuia.

"Si mimi!" Ezekia alipiga kelele, akirudi nyuma na kiti chake. "Mimi kazi yangu kusafirisha! Nilisema afukiwe! Ng'ombe wale hawakuwa wangu!"

"Kweli," Evarista alisema. "Hawakuwa wake."

Akainua mkono. Kidole kilimpita Ezekia. Kilimpita Mzee Filemoni, kikampita mama yake aliyekuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, kikaenda kusimama mbele ya kile kisu cha kukatia maini.

"Mwambie mwenyewe, baba," alisema, machozi yakimtiririka. "Umesema mimi ni damu yako. Basi usiniache niseme peke yangu."

Ambrosi alifungua kinywa. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake, na Asukile alikuwa ameshaanza kuvuka ua.